Kuponya Shamba Lililoingiwa na Chumvi: Mitaro, Jasi na Pampu ya Sola

Katika tambarare zilizo chini ya Mlima Kilimanjaro na safu ya Pare, kuanzia Kahe na Arusha Chini hadi vijiji vya Mwanga na Same, kuna mashamba ya umwagiliaji ambayo leo yana utando mweupe juu ya matuta, mahindi yanayonyauka ilhali udongo umelowa, na majaruba ambamo mpunga hauoti isipokuwa pembezoni. Jawabu linalotolewa haraka ni kuongeza maji, na mara nyingi hilo ndilo lililoleta ugonjwa wenyewe.

Maji ya mto au chemchemi, hata yakionekana matamu, hubeba chumvi iliyoyeyuka. Maji yenye kipimo cha upitishaji umeme cha 0.5 dS/m (desisimensi kwa mita, kipimo kinachopanda kadiri chumvi inavyozidi), ambayo kila mtaalamu atayaita mazuri, yana takribani gramu 320 za chumvi katika kila mita ya ujazo. Hektari moja ikimwagiwa mita za ujazo 8,000 kwa msimu, imepokea zaidi ya tani 2.5 za chumvi. Mmea hunywa maji na kuiacha chumvi, jua hukausha kilichobaki, na chumvi haina njia ya kuondoka isipokuwa kushuka chini pamoja na maji na kupelekwa mbali. Njia hiyo ikiziba, maji ya ardhini hupanda, na yakifika karibu na uso wa shamba udongo huyavuta juu kama utambi wa taa, yakaenda kukauka hapo hapo penye mizizi. Kwa hiyo kazi yote inayoelezwa hapa ni kazi ya kutoa maji. Sola, jasi (madini yenye kalsiamu) na mbegu ni wasaidizi wake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kundi la majirani wenye eneo moja la hektari 10 hivi ndani ya skimu. Mkulima wa ekari moja akichimba mtaro peke yake hupoteza fedha, kwa sababu maji ya jirani hurudi chini kwa chini na kujaza pale alipotoa yake. Hapa neno mfereji linatumika kwa njia inayoleta maji shambani, na mtaro kwa njia inayoyatoa.

Hatua ya kwanza: tambua kama ni chumvi au ni magadi

Magonjwa haya mawili hufanana kwa mbali, lakini dawa ya moja ikitumiwa kwa lingine huharibu. Udongo wa chumvi una chumvi nyingi iliyoyeyuka, utando wake ni mweupe, na kwa kawaida bado ni mlegevu na hupitisha maji. Udongo wa magadi una sodiamu iliyong'ang'ania chembe za mfinyanzi. Chembe hizo huachana zikilowa, zikaziba vinyweleo, kisha zikikauka huwa ngumu kama sakafu. Juu yake huonekana madoa meusi yenye mng'ao, ambayo ni mboji iliyoyeyushwa na magadi. Maeneo mengi ya tambarare hizi yana yote mawili kwa pamoja, kwa sababu maji yanayotoka katika miamba ya volkano huwa na sodiamu na bikabonati kwa wingi.

Jaribio la nyumbani ni rahisi. Chukua bonge kavu la udongo lenye ukubwa wa njegere, litumbukize taratibu katika glasi ya maji ya mvua, na uliache bila kulitikisa hadi kesho yake. Likizungukwa na wingu la tope lisilotulia, hapo kuna magadi. Likimomonyoka huku maji yakibaki maangavu, huenda ni chumvi tu, au udongo hauna tatizo hilo kabisa.

Jaribio hilo haliwezi kuchukua nafasi ya maabara. Chukua sampuli katika sehemu nzuri, ya wastani na mbaya ya shamba, kila mahali kwa vina vinne: sentimita 0 hadi 20, 20 hadi 40, 40 hadi 80, na 80 hadi 120. Maabara ya udongo ya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano au ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo inaweza kuzipima. Omba vipimo vinne: upitishaji umeme wa udongo uliolowa kabisa, pH, uwezo wa udongo kushika madini, na asilimia ya sodiamu katika uwezo huo. Udongo unaozidi 4 dS/m huhesabiwa kuwa wa chumvi. Ule ambao sodiamu imeshika zaidi ya asilimia 15, na pH yake kwa kawaida imepita 8.5, ni wa magadi. Peleka pia chupa ya maji ya mfereji na nyingine ya maji ya kisima, kwani haina maana kusafisha shamba kwa maji yatakayoliharibu upya.

Hatua ya pili: pima kina cha maji ya ardhini kwa msimu mzima

Toboa mashimo kwa keekee ya udongo hadi mita 3, uingize katika kila shimo bomba la plastiki la milimita 50 lililotobolewa matundu sehemu ya chini, ulizungushie changarawe, na ufunike mdomo wake. Mabomba manne au matano yanatosha hektari 10, mradi moja liwe karibu na mfereji mkuu na jingine upande wa chini kabisa. Kila wiki shusha kamba yenye uzito, andika kina, na mara moja kwa mwezi pima chumvi ya maji hayo kwa kipimo cha mkononi.

Maji yakibaki kwenye kina kinachozidi mita 2 kutoka usoni mwaka mzima, tatizo la shamba haliko kwenye maji ya ardhini, na mtaro hautalitatua. Ruka hadi hatua ya sita, ya jasi. Yakipanda hadi kina kisichofika mita 1.5 kutoka usoni kwa wiki nyingi za msimu wa kumwagilia, mtaro unahitajika. Bomba lililo karibu na mfereji likionyesha maji ya juu kuliko mengine yote, mfereji unavuja, na fedha ya kwanza itumike kuusakafia au kuuziba kwa mfinyanzi ulioshindiliwa. Vivyo hivyo, maji yanayotiririka kutoka mashamba ya juu yakatiwe njia kwa mtaro wa kukinga kabla hayajaingia. Kila mita ya ujazo iliyozuiwa mlangoni ni mita ambayo hakuna pampu itakayolazimika kuitoa.

Hatua ya tatu: amua maji ya chumvi yatakwenda wapi

Hapa ndipo miradi mingi huanguka, na ndiyo sababu hatua hii inatangulia ununuzi wa bomba au paneli yoyote. Ni afadhali shamba lenye mtaro mbaya na mahali pazuri pa kumwaga maji kuliko lenye mabomba bora yanayoishia kwenye kisima kisicho na pa kutolea.

Kwanza pima mteremko wa ardhi. Kama kuna korongo au mto ambao maji yake yako chini ya mtaro kwa nusu mita mwaka mzima, maji yatoke yenyewe, na msomaji anaweza kusahau pampu. Lakini ruhusa inahitajika. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutiririsha maji machafu mtoni, na katika eneo hili kibali hicho huombwa kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Mito ya Kikuletwa na Ruvu huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo lina wavuvi, wafugaji na wakulima wanaolitegemea. Chumvi inayoondolewa huku isigeuzwe kuwa mzigo wao.

Pili, yatumie tena. Maji ya mtaro yenye 4 dS/m yakichanganywa na maji ya mfereji yenye 0.4 dS/m kwa uwiano wa moja kwa tatu hutoa mchanganyiko wa 1.3 dS/m, ambao pamba au mtama hauutambui. Tenga sehemu ya chini ya shamba, hata kama ni sehemu ya kumi tu, kwa mazao ya aina hiyo na nyasi za mifugo kama ukoka, ambao hustahimili chumvi vizuri. Kila yanapotumika, maji hupungua wingi na kuongezeka ukali, kwa hiyo sehemu hiyo nayo lazima iwe na mtaro wake.

Tatu ni bwawa la kukaushia, na hapa hesabu ifanywe bila matumaini ya bure. Jua likikausha milimita 5 kwa siku, hektari moja ya bwawa humaliza mita za ujazo 50. Shamba la hektari 10 linalotoa mita za ujazo 200 kwa siku katika kilele cha msimu lingehitaji bwawa la hektari 4. Hakuna kijiji kitakachokubali. Bwawa lifae tu kama kituo cha mwisho cha maji machache yaliyobaki baada ya kutumiwa tena, lishindiliwe mfinyanzi, na liwe mbali na visima vya kunywa. Huko California, katika bonde la San Joaquin, maji ya mitaro ya mashamba yalielekezwa kwenye mabwawa ya Kesterson. Mwaka 1983 walionekana makinda wa ndege wenye vilema kutokana na madini ya seleniamu yaliyojikusanya humo, na kufikia mwaka 1986 maji hayo yakazuiwa kabisa kuingia. Kwa hiyo, kabla ya kuyahifadhi maji ya mtaro popote, yapimwe si chumvi tu bali pia madini yenye sumu; katika ukanda huu wa volkano, floraidi ndiyo ya kwanza kuulizwa.

Hatua ya nne: chimba mitaro

Mtaro wa wazi ni rahisi kuuanza na mgumu kuutunza. Hula ardhi, huota magugu, na katika udongo wa magadi kuta zake humomonyoka kwa mvua moja, hivyo mlalo wake usipungue mita 2 kwa kila mita 1 ya kina. Unafaa zaidi kuwa mtaro mkuu wa kukusanyia. Kwa mitaro midogo ya ndani ya shamba, bomba la plastiki lenye matundu, la kipenyo cha milimita 80 hadi 100 na kufukiwa kwa kina cha mita 1.2 hadi 1.8, hudumu zaidi na trekta hupita juu yake.

Umbali kati ya bomba na bomba hutegemea jinsi udongo unavyopitisha maji. Kwa kukadiria, mfinyanzi huhitaji mita 15 hadi 30, tifutifu mita 30 hadi 60, na kichanga zaidi ya hapo. Namba hizo ni za kupangia bajeti. Kabla ya kuchimba, mhandisi wa umwagiliaji wa wilaya au wa Tume ya Taifa ya Umwagiliaji apime mwendo wa maji kwenye mashimo yaliyokwisha kutobolewa, kwa kuyachota na kuhesabu muda yanaochukua kujaa. Tofauti ya mita 20 na mita 40 ni nusu ya gharama yote.

Uchimbaji uanzie kwenye chemba ya chini na kupanda juu, ili maji yaliyokutwa yatoke huku kazi ikiendelea. Mteremko wa sentimita 20 kwa kila mita 100 unatosha, ukaguliwe kwa mpira wa maji kila mita 10, kwa sababu mahali bomba linapobonyea hata sentimita chache tope litatulia na kuziba. Zungushia changarawe safi ya unene wa sentimita 7 hadi 10 pande zote. Udongo wa kufukia ukanyagwe kidogo kidogo. Mtaro uliofukiwa kwa haraka huwa shimo la kumeza maji ya mvua na kuingiza tope. Weka chemba penye kila makutano, ili bomba liweze kusukutuliwa kwa maji kila mwaka.

Hatua ya tano: pampu ya sola, pale tu inapohitajika

Kuanzia miaka ya 1960 serikali ya Pakistan ilichimba maelfu ya visima virefu katika bonde la Indus ili kushusha maji yaliyopanda kutokana na umwagiliaji. Maji yalishuka, lakini bili za umeme na matengenezo vilizidi uwezo, na visima vingi vya serikali vikaja kufungwa au kuachiwa wakulima. Sola inaondoa bili ya umeme. Fundi, vipuri na mahali pa kumwaga maji bado ni juu ya wenye shamba.

Habari njema ni kwamba kutoa maji kwenye mtaro kunahitaji nguvu ndogo kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu maji hayanyanyuliwi juu sana. Chukua hektari 10 zinazotoa milimita 2 kwa siku, yaani mita za ujazo 200, na kunyanyuliwa mita 4 kutoka kisima cha kukusanyia hadi mtaro wa nje. Kazi halisi ya kunyanyua ni kilowati-saa 2.2. Pampu ndogo ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 40, inahitaji kilowati-saa 5.5 kwa siku. Eneo lenye saa 5 za jua kali, baada ya kutoa robo kwa ajili ya vumbi, joto na nyaya, litatosheka na paneli za kilowati 1.5. Kisima kirefu cha mita 30 kingedai zaidi ya mara saba ya hizo.

Betri hazihitajiki. Maji yanaweza kusubiri usiku ndani ya mabomba na udongo bila kudhuru mazao, na kisima cha kukusanyia kilichojengwa kwa pete za zege chenye mita chache za ujazo kinatosha. Mita za ujazo 200 zikitolewa kwa saa 6 ni mita 33 kwa saa; ni vizuri zigawanywe kwa pampu mbili, ili moja ikiharibika nyingine iendelee. Pampu iwe ya chuma kisichoshika kutu, viungo viwe vya plastiki, na swichi ya boya iwashe maji yakipanda na kuzima yakishuka. Paneli zielekezwe kaskazini na ziinamishwe nyuzi 10 hadi 15, si kwa ajili ya jua, ambalo katika latitudo hii liko karibu utosini, bali ili mvua izioshe. Zifungwe juu ya nguzo ndefu karibu na mtu anayelala shambani.

Masika huleta tatizo lisilokwepeka: maji ni mengi na mawingu ni mazito. Anayeweza aongeze paneli kwa nusu. Asiyeweza akubali maji kupanda kwa siku kadhaa, na apange mazao ya wakati huo kuwa mpunga.

Tahadhari moja ihusu watu na si mitambo. Umeme usiolipiwa hushawishi kuelekeza pampu ile ile kwenye umwagiliaji, na kumwagilia kupita kiasi ndiko kulikozamisha shamba. Sheria ndogo ya chama cha umwagiliaji iseme wazi kwamba pampu ya mtaro hailetwi kwenye mfereji bila vipimo vya chumvi vya mwezi huo.

Hatua ya sita: jasi, kwa ardhi ya magadi

Kosa linaloua ardhi ya magadi ni kuifurikisha maji matamu kabla ya jasi. Chumvi iliyoyeyuka huondoka, sodiamu hubaki, na udongo uliokuwa ukipitisha maji kidogo haupitishi tena hata tone. Jasi huleta kalsiamu inayochukua nafasi ya sodiamu, ndipo sodiamu inapoweza kuoshwa.

Kwa udongo wa kina cha sentimita 30, kila kipimo kimoja cha sodiamu cha kuondolewa (senti-moli moja ya chaji kwa kilo) hudai takribani tani 3.35 za jasi safi kwa hektari. Udongo wenye uwezo wa kushika madini wa vipimo 30 vya aina hiyo, ambao sodiamu imeshika asilimia 25 na inatakiwa ibaki 10, una vipimo 4.5 vya kuondoa, yaani tani 15 kwa hektari. Ni mzigo mzito. Kwa hiyo tibu sentimita 15 za juu kwanza, ambazo zitadai tani 7.5 kwa hektari, sawa na tani 3 kwa ekari. Jasi yenye usafi wa asilimia 80 itafika karibu tani 3.8. Anza na madoa mabaya, usitandaze sawasawa shamba zima. Jasi huchimbwa Makanya, wilayani Same, na kupelekwa viwanda vya saruji, kwa hiyo wakulima wa tambarare hizi wana bahati ambayo wenzao wengi hawana. Nunueni kwa lori zima kupitia chama, mkidai iliyosagwa laini na iliyopimwa usafi.

Itandaze, ichanganye kwa jembe hadi sentimita 10 au 15, pamoja na samadi iliyooza. Tani 3 za jasi kwa ekari huhitaji maji ya kina cha sentimita 30 hivi kuyeyuka, kwa hiyo matokeo yasitafutwe baada ya mvua moja.

Hatua ya saba: kuosha udongo, na mazao ya kufuatia

Sawazisha majaruba kwa makini, kwa sababu chumvi hukimbilia sehemu zilizoinuka hata kwa sentimita 5. Inua kingo, kisha utumie mvua za masika badala ya maji ambayo mfereji ungekuuzia. Ili kuondoa takribani asilimia 80 ya chumvi katika sentimita 60 za udongo, huhitajika maji ya kina kama hicho hicho kupita ndani yake. Yatolewe kwa mafungu ya sentimita 10 hadi 15, kila fungu likiachwa lizame kabla ya linalofuata. Njia hiyo husafisha zaidi kwa maji machache kuliko kufurikisha mfululizo. Pima maji yanayotoka mtaroni: ukali wake hupanda mwanzoni, kisha hushuka, na yanapokaribia ukali wa maji ya mfereji, kuendelea kuosha ni kufukuza mbolea.

Baada ya hapo kila umwagiliaji uwe na ziada ndogo ya kusukuma chumvi chini. Kwa maji ya 0.8 dS/m na mahindi, ziada ya asilimia 10 hivi inatosha.

Mpangilio wa mazao ufuate vipimo na si bei ya soko. Pamba huvumilia udongo wa hadi 7.7 dS/m bila kupunguza mavuno, mtama 6.8, kunde 4.9, mpunga 3, nyanya 2.5, mahindi 1.7, vitunguu 1.2. Katika ardhi ya magadi mpunga ndio wa kuanza, kwa kuwa maji yaliyosimama na mizizi yake husaidia kuyeyusha chokaa iliyomo udongoni na kutoa kalsiamu zaidi. Waulizeni TARI mbegu zinazostahimili chumvi. Maharage huanza kupoteza mavuno kwenye 1 dS/m tu, kwa hiyo yapandwe mwisho kabisa, kwenye kipande kidogo karibu na bomba la kupimia, na mengine yasiongezwe mpaka kipande hicho kizae misimu miwili mfululizo bila majani kuungua kingo.